Barua ya wazi kwa wakuu wa upasuaji wa ubongo: uzoefu wenu tunauheshimu, tunaomba upimwe

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji, na Mkuu wa Idara ya Upasuaji wa Ubongo na Mishipa ya Fahamu, katika hospitali ya rufaa ninayofanyia kazi
Nakala: Mganga Mkuu wa Serikali, Wizara ya Afya

Ndugu Mkurugenzi, na wewe Daktari, Mkuu wa Idara,

YAH: OMBI LA KUPIMA HALI ZA WAGONJWA NA KUTUNZA REJESTA YA MATOKEO YA UPASUAJI WA UBONGO

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa ubongo katika hospitali mnayoiongoza. Ninayoyaandika si mapya kwenu. Nimeyasema kwenye vikao vya asubuhi, nimeyapitisha kwa muuguzi mfawidhi, kisha nimeyaandika kwa njia ya kawaida ya ofisi. Barua hazikujibiwa. Kwa mdomo niliambiwa kwamba upasuaji wa ubongo si hesabu, na kwamba daktari mzoefu humjua mgonjwa wake akimtupia jicho tu. Njia ya ndani imefungwa, ndiyo maana naandika hadharani. Hospitali siitaji wala mtu simtaji, maana sitafuti wa kuadhibiwa. Nataka utaratibu ubadilike, na naamini wodi nyingine nchini zitajiona humu.

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba uzoefu wa daktari bingwa siudharau hata kidogo. Kuna ujuzi unaokaa mkononi. Daktari anagusa uvimbe kwa chombo, anahisi ulaini wake umebadilika, anajua kwamba hapa ndipo ubongo mzima unapoanzia, anasimama. Hilo amelipata kwa miaka ya kusimama mezani. Sisi wauguzi nasi tuna la kwetu. Mgonjwa aliyekuwa akisumbua usiku kucha, akivuta dripu na kutaka kushuka kitandani, akitulia ghafla alfajiri, muuguzi mzoefu hafurahii. Anakimbilia tochi amtazame mboni. Hisia za namna hiyo zimeokoa watu. Lakini hisia inayobaki kichwani mwa mtu mmoja hakuna awezaye kuihakiki. Daktari anayesomea ubingwa hawezi kuirithi, na zamu ikibadilika inaondoka na mwenye nayo. Malalamiko yangu yote yanatokana na hapo, nami nayapanga hoja kwa hoja.

1. Hali ya mgonjwa inaandikwa kwa maneno yasiyopimika

Chukueni faili la kijana yeyote wa ajali ya bodaboda aliyelazwa kwetu. Mtasoma "amesinzia", "ana nafuu kidogo", "aangaliwe kwa karibu". Saa mara nyingi haipo. Anayepokea zamu hawezi kujua kama aliyesinzia saa mbili usiku ndiye yuleyule aliyesinzia saa kumi, au kama kati ya saa hizo ameanza kuzama.

Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, Uskoti, walichapisha kipimo ambacho leo kila mwanafunzi wa uuguzi anakikariri. Kabla ya hapo kila daktari alikuwa na neno lake la kumweleza mtu aliyepoteza fahamu, na mgonjwa akihama mikononi mwa huyu kwenda kwa yule hapakuwa na namna ya kujua kama amepanda au ameshuka. Wao wakatazama mambo matatu: anafumbua macho kwa kitu gani, anajibu nini, anasogeza viungo vipi. Kwa kipimo hicho cha Glasgow kinavyotumika leo, macho yana alama 4, kauli alama 5, viungo alama 6. Jumla ya juu ni 15, ya chini ni 3. Kipimo hiki hakihitaji umeme. Kinahitaji mtu, saa na kalamu.

Sababu ya kukidai kwa muda maalumu imo ndani ya fuvu lenyewe. Fuvu la mtu mzima halitanuki, na ndani yake kuna ubongo, damu na maji ya ubongo. Damu inapovilia, maji na damu ya vena hupisha kwanza, na muda huo mgonjwa anaonekana yuko vizuri, pengine anazungumza na ndugu zake. Nafasi ya kupisha ikiisha, shinikizo hupanda kwa kasi na mgonjwa anazama kwa muda mfupi. Mboni moja kupanuka, mapigo ya moyo kupungua huku presha ikipanda, pumzi kwenda ovyo: hizo ni dalili za mwishomwisho, na anayezisubiri amechelewa. Kushuka kutoka 14 hadi 12 kati ya saa nane na saa tisa usiku kunaonekana kwenye chati iliyojazwa. Kati ya "amesinzia" na "bado amesinzia" hakuonekani kabisa.

Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka mgonjwa wa kichwa apimwe kila nusu saa mpaka afikie 15. Akifikia, apimwe kila nusu saa kwa saa 2, kila saa kwa saa 4, kisha kila baada ya saa 2. Sidai tuunakili ulivyo, maana wauguzi hatutoshi na ninyi mnajua. Nadai tuwe na ratiba yetu ya maandishi, inayotekelezeka na watu tulionao, inayosema nani apimwe kila baada ya muda gani, na alama zikishuka kiasi gani daktari wa zamu aamshwe bila muuguzi kuogopa kukaripiwa. Leo ratiba hiyo haipo. Muuguzi kijana anasita kupiga simu saa tisa usiku kwa sababu ana hisia tu mkononi, na hisia ya muuguzi mbele ya daktari bingwa haina uzito.

Na kipimo kifanywe sawasawa. Mzee wa Kisukuma asiyekijua Kiswahili vizuri akiulizwa leo ni tarehe ngapi, kisha akapewa alama za aliyechanganyikiwa, hapo tumempima lugha. Mgonjwa mwenye mpira wa kupumulia kooni hawezi kuandikiwa alama 1 ya kauli kana kwamba ubongo wake ndio ulionyamaza. Inapaswa iandikwe kwamba kauli haikuweza kupimwa, na kwa nini. Haya ni mafunzo ya asubuhi moja, nami nilishajitolea kuyaendesha.

2. Hakuna anayejua wagonjwa wetu wanaishia wapi

Faili la mgonjwa hufungwa kwa maneno "ameruhusiwa, hali nzuri", likapelekwa masjala. Baada ya hapo hatujui kitu. Alirudi shambani? Anawatambua watoto wake? Alianza kuanguka kifafa? Kipande cha fuvu kilichotolewa kiliwahi kurudishwa? Tunaomjua ni yule anayerudi kliniki, na anayerudi mara nyingi ni mwenye nauli na mwenye nguvu ya kutembea. Picha iliyoko kichwani mwa daktari kuhusu mafanikio yake imejengwa na hao.

Ugumu wa jambo hili umeonekana vizuri kwenye utafiti wa RESCUEicp, uliochapishwa mwaka 2016. Wagonjwa 408 ambao shinikizo la ndani ya fuvu lilikataa kushuka kwa dawa waligawanywa kwa kura: wengine wakatolewa kipande kikubwa cha fuvu, wengine wakaendelea na dawa. Baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa asilimia 26.9 ya waliopasuliwa na asilimia 48.9 ya wale wengine. Ni tofauti kubwa mno. Lakini waliobaki hai bila kujitambua walikuwa asilimia 8.5 ya waliopasuliwa, dhidi ya asilimia 2.1. Daktari anayehesabu waliotoka ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, wakiwa hai ataona ushindi mtupu. Mama anayemgeuza mwanawe kitandani usiku na mchana asipate vidonda anahesabu jambo lingine. Familia ina haki ya kuzijua namba zote mbili kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, na ingefaa sana zaidi kama tungekuwa nazo za hospitali yetu wenyewe.

Kipimo cha matokeo nacho kipo tangu 1975, kazi ya Jennett huyohuyo na Michael Bond. Kina ngazi tano: kifo, kuishi bila kujitambua, ulemavu mkubwa, ulemavu wa wastani, kupona vizuri. Mtu anaweza kukijaza kwa simu moja kwa ndugu wa mgonjwa, na namba za simu za ndugu tunazo kwenye mafaili yetu.

Ernest Codman, daktari mpasuaji wa Boston, alilidai hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alitaka kila mgonjwa afuatiliwe mpaka ijulikane kama tiba ilimsaidia, na kama haikumsaidia, kwa nini. Mwaka 1914 alijiuzulu katika hospitali kubwa aliyokuwa akifanyia kazi, akipinga madaktari kupandishwa kwa umri wa kazi bila kutazama matokeo yao. Kwenye hospitali yake ndogo, kati ya 1911 na 1916, aliruhusu wagonjwa 337 na akachapisha kwa hiari yake makosa 123. Wenzake walimchukia. Leo hakuna chuo cha udaktari kinachojiheshimu kisichomtaja kwa heshima.

3. Imani ya mabingwa imewahi kukosea, na kipimo pekee ndicho kilichoonyesha

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndiyo hoja ninayoiona nzito kuliko zote.

Kwa zaidi ya miaka 30 madaktari wengi duniani walimpa mgonjwa aliyeumia kichwa dawa za steroidi. Maelezo yalikuwa na mantiki: ubongo umevimba, steroidi hupunguza uvimbe, kwa wenye saratani ya ubongo tunaona zikisaidia. Walikuwa watu waangalifu, na kila mmoja alikuwa na mgonjwa anayemkumbuka aliyepona baada ya sindano. Ukaja utafiti wa CRASH. Watu wazima 10,008 kutoka hospitali za nchi nyingi waligawanywa kwa kura kupewa steroidi au dawa isiyo na nguvu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Ndani ya wiki mbili walikufa asilimia 21.1 ya waliopewa steroidi, na asilimia 17.9 ya ambao hawakupewa. Dawa iliyoaminiwa ilikuwa inaua.

Tafakarini ukubwa wa tofauti ile. Ni kama watu 3 kwa kila 100. Daktari mmoja, hata awe na akili za pekee, anaona majeruhi wa kichwa mahututi makumi kadhaa kwa mwaka, kila mmoja ameumia kwa namna yake na amefika kwa saa yake. Jicho haliwezi kugundua vifo 21 badala ya 18. Yule anayepona anakumbukwa kwa sababu ya dawa, na anayekufa anahesabiwa kuwa alifika akiwa na hali mbaya. Kosa la namna hii haliponywi kwa kuongeza uzoefu. Unavyozidi kutibu ndivyo unavyozidi kuamini.

Upasuaji wenyewe umepitia hayohayo. Tangu 1967, kwa ustadi wa Gazi Yaşargil wa Zurich, ikawezekana kuunganisha mshipa wa ngozi ya kichwa na mshipa wa ubongo kwa nyuzi nyembamba chini ya darubini, ili damu ipite pale mshipa mkubwa ulipoziba. Ni kazi ya mikono inayostaajabisha, na mishono ilishika. Wagonjwa 1,377 wakawekwa kwenye utafiti ulioongozwa na Henry Barnett wa Kanada, na mwaka 1985 ikajulikana kwamba kwa kuzuia kiharusi upasuaji ule haukuwasaidia zaidi ya dawa. Damu ilipita vizuri kwenye mshipa mpya na mgonjwa hakupata faida. Bila kuhesabu, nani angeliona hilo kutoka mezani?

Kuna jicho la daktari kwenye saratani ya ubongo, lile ambalo tunaliheshimu kuliko yote. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2006 ulilinganisha wapasuaji waliotumia mwanga wa kawaida wa darubini na waliotumia dawa ya kunywa inayofanya saratani ing'ae kwa rangi ya waridi chini ya mwanga wa buluu. Picha za MRI zilipigwa ndani ya saa 72 baada ya upasuaji. Kwa mwanga wa kawaida, uvimbe wote uliokuwa ukionekana kwenye picha ulikuwa umeondolewa kwa asilimia 36 ya wagonjwa. Kwa mwanga wa buluu, asilimia 65. Dawa ile sisi hatuna, na siiombi. Ninachokiona humo ni kwamba mpasuaji mzuri hawezi kuwa na hakika amebakiza kiasi gani mpaka picha ipigwe. Kwetu mgonjwa wa uvimbe anatoka na maneno "uvimbe umetolewa wote", na picha ya kuthibitisha haipigwi mpaka dalili zirudi.

Msidhani mifano hii yote inahitaji fedha za Ulaya. Wazee wanaovilia damu polepole chini ya utando wa ubongo baada ya kujigonga tunawapokea kila wiki. Tundu linatobolewa kwenye fuvu, damu inatoka, mzee anaamka. Je, abakiziwe dreni, mrija wa kutolea damu inayobaki, au asibakiziwe? Kwetu inategemea daktari aliyepo siku hiyo. Utafiti wa Cambridge wa mwaka 2009, uliohusu wagonjwa 215, ulionyesha kwamba damu ilirudi hadi kuhitaji upasuaji mwingine kwa asilimia 9.3 ya wenye dreni na asilimia 24 ya wasio nayo, na vifo vya miezi 6 vilikuwa asilimia 8.6 dhidi ya 18.1. Tunazungumzia mrija wa plastiki uliomo stoo.

4. Mgonjwa hahakikiwi kwa pamoja kabla ya kisu

Novemba 2007, Muhimbili, mgonjwa aliyepaswa kutibiwa goti alipasuliwa kichwa, na mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Majina yao ya kwanza yalifanana. Mwaka 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, fuvu la mgonjwa lilifunguliwa kutafuta damu iliyovilia ambayo ilikuwa kichwani mwa mgonjwa mwingine. Nchi mbili jirani, hospitali kubwa, wataalamu waliosoma. Hakuna kati yao aliyekosa ujuzi wa kupasua.

Katika mwaka huohuo wa 2007 hospitali ya Ifakara, mkoani Morogoro, ilikuwa miongoni mwa hospitali za miji minane duniani zilizoanza kujaribu orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani: timu nzima inasimama, inataja jina la mgonjwa, upande wa upasuaji na hatari zinazotarajiwa. Matokeo ya pamoja ya hospitali zote nane, yaliyochapishwa 2009, yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara kutoka asilimia 11 hadi 7. Watanzania walikuwa ndani ya kazi hiyo. Kwetu fomu ipo, na hujazwa na mtu mmoja baada ya upasuaji kuisha.

5. Watoto wa kichwa kikubwa na mgongo wazi

Hili linaniuma zaidi kwa sababu jibu liko jirani. Kule Mbale, Uganda, Benjamin Warf na wenzake wa hospitali ya watoto ya CURE walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuhesabu: kila mtoto, chanzo cha maji kichwani, alichofanyiwa, alivyokuwa baadaye. Wakagundua kwamba zaidi ya nusu ya watoto wao walipata kichwa kikubwa kutokana na maambukizi. Wakalinganisha shanti (mrija wa kupunguza maji ya kichwani) ya bei nafuu iliyotengenezwa India na ya kampuni kubwa iliyouzwa mamia ya dola, kwa watoto 195, na matokeo ya mwaka mmoja hayakutofautiana. Kwa watoto wanaoishi mbali na hospitali, ambao shanti ikiziba usiku watafia njiani, wakakuza njia ya kutoboa mkondo mpya wa maji kwa kamera ndogo na kuunguza tishu inayotengeneza maji hayo. Kisha wakatengeneza alama za kukadiria ni mtoto gani itamfaa, kwa kutazama umri, chanzo na kiasi cha tishu kilichounguzwa. Mwaka 2017 wakachapisha ulinganisho wa kura kwa watoto wachanga 100: shanti na njia ya kamera hazikutofautiana kwa maendeleo ya akili baada ya mwaka mmoja. Yote hayo kwenye mji wa Uganda Mashariki, kwa sababu mtu aliweka rejesta.

Sisi, mzazi akituuliza shanti zetu ngapi kati ya 100 huambukizwa, tunamjibu "ni chache". Chache ni ngapi?

Udhuru ninaoutarajia

Mtasema upasuaji wa ubongo ni sanaa, nao hauwezi kufungwa kwa namba. Mkumbukeni Harvey Cushing, ambaye wapasuaji wa ubongo wote humhesabu kuwa baba yao. Akiwa mwanafunzi Boston miaka ya 1890, yeye na Codman walianzisha chati ya mapigo na pumzi kwa wagonjwa wanaopewa usingizi. Mwaka 1901 alikiona Pavia, Italia, kifaa cha kupimia presha kilichobuniwa na Riva-Rocci, akakichukua hadi Baltimore. Kamati ya madaktari wa Harvard ilipokichunguza ikaamua kwamba kidole cha mtaalamu kwenye mshipa kina thamani kuliko kifaa kile. Kamati ilikosea, na leo hakuna anayeingia thieta bila kupimwa presha. Cushing mwenye mikono ile alihesabu kila uvimbe alioutoa na kila mgonjwa aliyekufa, hadi alipovuka uvimbe wa 2,000 mwaka 1931. Ustadi wake na daftari lake vilikwenda pamoja.

Mtasema hakuna mashine za kupimia shinikizo la ndani ya fuvu, na wengine wataongeza kwamba hata zenyewe hazisaidii, wakitaja utafiti wa Bolivia na Ekuador wa mwaka 2012. Naujua. Wagonjwa 324, wengine wakawekewa kifaa ndani ya fuvu, wengine wakatibiwa kwa uchunguzi wa kitandani na picha, na hakukuwa na tofauti ya maana. Lakini usomeni vizuri. Wale wasio na kifaa walichunguzwa kwa ratiba kali, wakapigwa siti skani kwa mpangilio, na tiba yao ilifuata utaratibu ulioandikwa. Walipimwa sana, kwa njia nyingine. Utafiti huo ni habari njema kwetu tusio na vifaa, kwa sharti kwamba tufanye uchunguzi ule kwa uangalifu uleule.

Mtasema wauguzi ni wachache. Kweli kabisa, na hapo nasimama nanyi mbele ya Wizara. Ila tayari tunaandika kurasa nyingi za maelezo ambazo hakuna anayezisoma. Chati ya ukurasa mmoja itatupunguzia kazi.

Udhuru mmoja naupa uzito wa pekee: hofu kwamba namba zitatumika kuwaadhibu madaktari, na kwamba daktari anayehofia takwimu zake atawakwepa wagonjwa mahututi. Hofu hiyo ni ya haki. Anayepokea walioletwa wakiwa na alama 4 hawezi kulinganishwa na anayepokea wenye 13. Kwa hiyo alama za kufikia, umri na mboni viandikwe kwa kila mgonjwa ili hesabu itazame ugumu wa kazi, na majina ya madaktari yasitolewe nje ya idara. Rejesta iwe ya kujifunzia. Nikiona inageuzwa fimbo, nitakuwa wa kwanza kuipinga kwa barua kama hii.

Ninachoomba

1. Chati moja ya kichwa kwa kila kitanda: alama za Glasgow kwa sehemu zake tatu, mboni, mapigo, presha na pumzi, kila moja na saa yake, pamoja na kiwango kilichoandikwa cha kumwita daktari.

2. Rejesta ya kila mgonjwa anayefunguliwa fuvu au kuwekewa shanti: saa ya kuumia, saa ya kufika, saa ya kisu, alichofanyiwa, maambukizi, kurudishwa thieta, kifo. Daftari la mistari linatosha kuanzia.

3. Simu kwa familia baada ya miezi 6, na ngazi ya matokeo iandikwe.

4. Orodha ya ukaguzi isomwe kwa sauti na timu nzima kabla ya kukata ngozi.

5. Picha ya mapema baada ya upasuaji wa uvimbe, pale mashine inapofanya kazi na bila kumsukumia mgonjwa gharama hiyo.

6. Kikao cha kila mwezi cha vifo na madhara, wauguzi na wataalamu wa usingizi wakiwemo, ambamo daktari ataandika mapema alivyotarajia na baadaye tutazame kilichotokea. Hapo ndipo hisia ya mabingwa itakapojulikana ni wapi inapatia na wapi inateleza, na vijana watajifunza kutoka kwayo.

7. Majibu ya maandishi kwa barua hii ndani ya siku 60, yakisema lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani.

Chati ya mfano na kurasa za kwanza za rejesta nimeshaziandaa, na muuguzi mfawidhi anazo. Niko tayari kuitwa siku yoyote, nje ya zamu yangu, kuzieleza mbele ya idara nzima.

Wenu katika kazi,

Muuguzi, Wodi ya Upasuaji wa Ubongo
Tanzania